Hivi bakteria anajuaje abadilike vipi ili dawa isimuue?

Mdadisi_Usiku

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada, kuna kitu kimeninyima usingizi tangu juzi.

Mdogo wangu wa kike anajiandaa na mtihani wa baiolojia, jioni huwa nakaa nae tunapitia notsi pamoja. Tumefika mada ya mageuko na uteuzi wa asili, nikamwelezea kwa kujiamini kabisa kwamba bakteria wakikutana na dawa mara nyingi wanajibadilisha ili dawa isiwaue, ndo maana tunapata usugu wa dawa. Akaniangalia kidogo, akauliza, "Anajuaje?" Nikamwambia anajuaje nini. Akasema bakteria hana ubongo, hana macho, sasa anajuaje kwamba hii ni dawa na anajuaje abadilishe kitu gani mwilini mwake, na kama anajua mbona wengi wanakufa?

Nikakwama hapohapo. Nimepitia vitabu viwili, vyote vinarudia sentensi ileile, "viumbe hujibadilisha ili kuendana na mazingira", hakuna kinachosema wanajuaje. Nimesoma hii mada mwenyewe zamani nikafaulu vizuri tu, sasa nagundua nilikariri, sikuelewa. Mwenye kuelewa naomba anieleweshe polepole kama anamfundisha mtu aliyeanza leo, mdogo wangu nimemuahidi jibu na siwezi kumdanganya.

Kipepeo77

Mkuu mbona rahisi, ni mazoea tu. Mtu akinywa dawa ileile kila mara mwili unaizoea, dawa inakosa nguvu. Ni kama mtu anayebeba mizigo, mwanzoni mabega yanauma baadae anazoea.

Darubini

Kipepeo samahani, hapo sio. Na nakuelewa kwa nini unasema hivo, maana wote tunasema "mwili umezoea dawa", lakini kwenye usugu wa bakteria mwili wako haujazoea chochote. Usugu ni wa bakteria. Ndo maana bakteria sugu akitoka kwako akamwingia mtu ambaye hajawahi kugusa hiyo dawa maishani mwake, dawa inagoma kwake siku ya kwanza kabisa. Angekuwa mwili ndo umezoea, kwa huyo mwingine ingefanya kazi.

Sasa Mdadisi, mimi kazi yangu ni maabara, bakteria naotesha kila siku, na swali la mdogo wako ndo swali lenyewe, usimpuuze. Jibu fupi ni kwamba bakteria hajui. Hajui kitu. Hakuna anayejibadilisha baada ya kuona dawa. Ila kabla dawa haijafika, katikati ya hao bakteria tayari kulikuwa na wachache waliozaliwa tofauti na wenzao, dawa ikaja ikaua wengine wote, wakabaki hao wachache, wakazaliana, kesho ukiangalia unakuta wote ni sugu ukadhani wamebadilika. Hawajabadilika, wamebaki.

Tuangalie hesabu maana bila hesabu haiingii akilini. Bakteria wa aina ya E. coli akiwa kwenye joto zuri na chakula cha kutosha anagawanyika mara moja kila dakika 20. Ukianza na mmoja saa mbili usiku, ikifika saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi zimepita, amegawanyika mara 30, na mbili ukiizidisha kwa yenyewe mara 30 unapata zaidi ya bilioni moja. Bilioni, kutoka kwa mmoja, usiku mmoja. Kila anapogawanyika lazima anakili vinasaba vyake vyote, yani maelekezo ya mwili wake, ambavyo ni herufi kama milioni 4.6. Jaribu kunakili kitabu cha herufi milioni 4.6 kwa mkono, tena harakaharaka, uone utakosea mara ngapi. Bakteria ni hodari kuliko sisi, kwa kukadiria ni mmoja tu katika kila 1,000 wanaozaliwa ndo anapata kosa jipya. Lakini kwenye mgawanyiko wa mwisho wa hao bilioni, mmoja katika 1,000 maana yake ni makosa mapya kama milioni moja. Makosa mengi hayana madhara wala faida, mengine yanamuua mwenyewe, ila kati ya hayo milioni kuna siku moja linaangukia mahali ambapo dawa huwa inashika, dawa ikija haina pa kushika.

Yani hilo kosa halikuja kwa ajili ya dawa, limekuja tu. Dawa ni chekecheke. Chekecheke halitengenezi punje ndogo, punje ndogo zilikuwepo humo humo, lenyewe linatenganisha.

Na ngoja nikwambie ilivyothibitishwa, maana hata wanasayansi wakubwa walibishana hapo miaka mingi. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück, wote walikuwa wamehamia Marekani kutoka Ulaya, walitoa jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Luria mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa kwenye sherehe ya chuo, anamwangalia mwenzake anacheza mashine ya kamari. Ile mashine inakula hela, inakula, inakula, halafu ghafla inamwaga nyingi kwa mpigo. Haitoi kidogokidogo kwa usawa.

Wakachukua tyubu nyingi ndogo, kila moja wakaanza na bakteria wachache, wakawaacha wazaliane kila tyubu kivyake. Pembeni wakaotesha chombo kimoja kikubwa. Halafu kila tyubu wakaimwaga kwenye kisahani chake kilichojaa virusi vinavyoua bakteria, na kutoka kwenye kile chombo kikubwa nako wakachota mara kadhaa wakamwaga hivohivo. Wakahesabu waliopona. Sasa fikiria: kama virusi ndo vinawafanya bakteria wabadilike, basi kila kisahani kingekuwa na waliopona idadi inayokaribiana, maana wote wamekutana na adui yuleyule kwa muda uleule. Kwenye chombo kikubwa kweli namba zilikaribiana, kumi na kitu, ishirini na kitu. Lakini kwenye tyubu ndogo 20 za jaribio lao mojawapo, 11 zilitoa sifuri. Sifuri kabisa. Nyingine moja, tatu, tano, halafu moja ikatoa 35, nyingine 64, na nyingine 107.

Hiyo 107 imetoka wapi? Ni mashine ya kamari imemwaga. Kwenye tyubu hiyo kosa lilitokea mapema, bakteria mmoja alizaliwa sugu zamani, akapata muda wa kuzaa na kujukuu kabla virusi havijafika. Kwenye zile 11 kosa halikutokea kabisa. Yani tofauti ilikuwa imeshaamuliwa ndani ya tyubu, kabla ya kukutana na adui.

Mdadisi_Usiku

Darubini Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Hiyo ya tyubu nimemchorea mdogo wangu kwenye daftari, amekaa kimya kama dakika mbili hivi halafu akasema "kwa hiyo 107 ni ukoo mmoja". Nikasema ndiyo.

Ila bado ana kisirani chake (kizuri lakini). Anasema hiyo ni kwa hesabu, je kuna mtu ameshawahi kumkamata bakteria sugu ambaye kwa uhakika hajawahi kuonja dawa? Na mimi nauliza kwa niaba yangu, maana nahisi kama tunahukumu kwa kukisia.

Darubini

Yupo, tena walimkamata kwa kutumia kitambaa.

Mwaka 1952, mtu na mkewe, Joshua na Esther Lederberg. Walikuwa na kisahani kimejaa koloni za bakteria, zile doa doa, kila doa ni ukoo wa mmoja. Wakachukua kipande cha mahameli, unajua mahameli ina vile vinyoya vidogo vimesimama, wakakigandamiza juu ya kisahani, kila kinyoya kikabeba bakteria wa mahali pake. Kisha wakakigonga kile kitambaa kama mhuri kwenye visahani vingine vyenye dawa, kimoja baada ya kingine. Mpangilio wa doa unabaki uleule, kama nakala.

Kwenye visahani vya dawa karibu wote wakafa, wakaota wachache. Na hao wachache waliota mahali palepale kwenye kila nakala. Ingekuwa kila mmoja anajibadilisha mwenyewe baada ya kuonja dawa, wangeota hovyo hovyo, hapa mmoja kule mwingine. Wakarudi kwenye kisahani cha mwanzo ambacho hakijawahi kuguswa na dawa hata tone, wakaenda kwenye doa la mahali hapo, wakachota, wakapima. Sugu. Hajawahi kuiona dawa, mababu zake hawajawahi kuiona, na ni sugu.

Nyongeza kidogo halafu niende kazini: 2011 watafiti walitoa matokeo ya udongo ulioganda kule Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000 hivi, ndani yake wakakuta vinasaba vya usugu wa dawa ambazo sisi tumeanza kuzitumia karne iliyopita. Usishangae sana, dawa nyingi za kuua bakteria asili yake ni viumbe wa udongoni wanaopigana wenyewe kwa wenyewe toka enzi na enzi. Na bakteria wana tabia nyingine ambayo sisi hatuna, anaweza kumpa jirani nakala ya kipande cha vinasaba, kipete kidogo tunakiita plasmidi, hata kama sio mwanae. Ndo maana ukimeza dawa ya bakteria kwa ajili ya mafua, ambayo ni ya virusi na dawa haiwagusi, unakuwa umechekecha bakteria wote wa tumboni bure, na wale sugu waliobaki wanaweza kuja kugawa hicho kipete kwa mdudu hatari siku nyingine. Hili linaniumiza kila siku kazini, naona visahani ambavyo dawa tano zimewekwa na zote tano bakteria wameota mpaka ukingoni mwa dawa kama hakuna kitu.

Mzee_wa_Pori

Nimefuatilia, nakubali kwa bakteria. Ila mnieleze la tembo. Kwenye hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1977 vikaisha 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya pembe, zaidi ya asilimia 90 walipotea. Baada ya hapo majike wengi wanazaliwa hawana pembe. Tembo sio bakteria, tembo ana akili kubwa, anakumbuka, anaomboleza mwenzake. Mimi nasema tembo waligundua pembe ndo inawaponza, wakaacha kuziota. Wanyama wana siri zao.

Nyota_ya_Asubuhi

Mzee wangu, akili ya tembo haina mjadala, lakini akili haifiki kwenye mimba. Hata wewe ukitamani sana mwanao azaliwe na vidole sita, hutaweza kuamrisha.

Majike wasio na pembe walikuwepo Gorongosa kabla ya vita. Wachache, kama asilimia 18 na nusu ya majike. Muwindaji akikutana na kundi, risasi inaenda kwa mwenye pembe. Asiye na pembe anaachwa, sio kwa huruma, ni kwa kuwa hana wanachokitafuta. Miaka 15 ya hivo. Baada ya vita majike wasio na pembe wakawa karibu asilimia 51. Ni chekecheke lilelile la Darubini, safari hii tundu zake ni bunduki.

Na kuna jambo ambalo kwangu ndo linamaliza ubishi. Utafiti uliotoka 2021 ulionesha hiyo hali inabebwa kwenye kromosomu ya X, kifurushi cha vinasaba ambacho jike anavyo viwili, jike akiwa nayo kwenye X moja tu anakosa pembe, lakini dume mwenye X moja akiirithi hazaliwi, mimba inaharibika. Chukua jike asiye na pembe, kwa kukadiria mimba nne: moja binti mwenye pembe, moja binti asiye na pembe, moja dume mwenye pembe, na ya nne dume anayekufa tumboni. Wanaozaliwa ni watatu, wawili ni mabinti. Na kweli walipohesabu watoto wa hao majike wakakuta karibu theluthi mbili ni wa kike.

Sasa kama tembo walikaa wakapanga wenyewe, nani angepanga kupoteza nusu ya watoto wake wa kiume? Mpango wa namna hiyo hakuna mama anaupanga. Ni jeni (kipande cha vinasaba) iliyokuwepo, ina gharama yake kubwa, ikaachwa ipite kwa sababu kwa miaka ile gharama ya kuwa na pembe ilikuwa kubwa zaidi. Na ya pembe tusiisahau, pembe ndo anachimbia maji, ndo anabandulia magome. Pori lenye tembo wasio na pembe sio pori lilelile.

Mzee_wa_Pori

Hiyo ya madume kufa tumboni sikuijua. Nimenyamaza, nashukuru binti.

Mwl_Mstaafu

Vijana nimefundisha baiolojia miaka mingi, naomba nichangie maana kosa la Mdadisi ni kosa tulilolifundisha sisi.

Tatizo liko kwenye herufi mbili na neno moja. Herufi ni JI, neno ni ILI. "Viumbe huJIbadilisha ILI waendane na mazingira." Ukisema anajibadilisha umeshampa nia, kama anayejifunika au anayejificha. Ukisema ili, umeshampa lengo. Mtoto anasikia nia na lengo anaanza kutafuta akili iko wapi, na mdogo wako ana haki ya kuuliza anajuaje, sentensi yetu ndo imemwambia anajua. Mimi mwenyewe niliandika sentensi hiyo ubaoni mwaka baada ya mwaka, na naumia nikikumbuka. Miaka ya mwisho nilibadilisha, nikawa naandika "viumbe hutofautiana, wanaozaliwa na tofauti inayofaa huacha watoto wengi zaidi, tofauti hiyo husambaa." Utaona nani anafanya kitendo hapo, hakuna anayejifanya kitu. Na kinachobadilika ni jamii nzima kwa vizazi, sio kiumbe mmoja kwa maisha yake. Mtihani ukija mwambie binti ajibu kwa mtindo huo, hakuna msahihishaji makini atakayemnyima maksi.

Twiga nae ametuponza. Kila mtu anakumbuka mchoro wa twiga anayenyoosha shingo kufuata majani mpaka ikarefuka, na watoto wake wakazaliwa na shingo ndefu. Hayo ni mawazo ya Lamarck wa Ufaransa, kitabu chake kilitoka 1809, na tusimdharau, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kusema wazi kwamba viumbe hugeuka. Lakini alilopata mzazi kwa jasho lake haliingii kwenye mbegu. August Weismann wa Ujerumani, miaka ya 1880, aliwakata panya mikia, akawazalisha, akawakata watoto wao, vizazi vitano. Panya 901 walizaliwa kutoka kwa wazazi waliokatwa, hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mkia pungufu.

Sasa kata shingo ya twiga uangalie ndani. Mifupa ya shingo ni saba. Wewe pia una saba. Hakuongezewa pingili, zilezile saba zimerefuka. Na kuna neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye koo la sauti, safari ya sentimeta chache tu ingeenda moja kwa moja, lakini inashuka shingo yote hadi kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, halafu inapanda tena shingo yote kurudi kooni. Kwa twiga mkubwa hiyo ni zaidi ya mita nne. Na kwetu sisi inazunguka vilevile, ila shingo yetu ni fupi hatuoni hasara. Kwa samaki, ambao hawana shingo, njia hiyo ilikuwa imenyooka. Shingo ilivyorefuka kizazi kwa kizazi, neva ikavutwa nayo, hakukuwa na kizazi ambacho kingeweza kuikata na kuiunga upya. Kila nikiifundisha hiyo neva darasa lilikuwa linanyamaza. Uteuzi wa asili haubuni kipya kutoka hewani, unafanya kazi na kilichopo mkononi.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni kweli, lakini sio nyoka yuleyule. Darwin, Mwingereza aliyeleta wazo hili la uteuzi wa asili, alilijua hilo vizuri, aliona wanyama wa kufugwa, njiwa hasa, hakuna wawili sawa. Asichokijua ni tofauti zinatoka wapi na kwa nini hazichanganyiki zikapotea kama rangi kwenye maji. Kitabu chake kilitoka 1859. Mendel, mtawa aliyechunguza urithi, akachapisha majibu ya njegere zake 1866, kwamba urithi unapita kwa vipande visivyoyeyuka. Darwin akafa 1882 bila kuyatumia, na dunia ikaja kushtuka 1900. Mpaka leo hili huwa linanisikitisha, watu wawili wa zama moja, kila mmoja ana nusu ya jibu.

Mama_Shujaa

Mwalimu shikamoo. Nami niulize, tena kwa uchungu kidogo. Mwanangu ana selimundu. Kila nikisoma habari hizi naona wanaandika "jeni mbaya hupotea, jeni nzuri hubaki". Sasa kama uteuzi unaondoa mbaya, hii iliyomo kwa mwanangu mbona haikuondoka? Ina maana sisi ndo hatufai? Kuna mtu aliwahi kuniambia usoni hivohivo, kwamba ni asili inachuja. Sikulala.

Mwl_Mstaafu

Marahaba mama. Pole sana, na huyo aliyekuambia hivyo alikosea kibinadamu na amekosea kisayansi pia.

Hakuna jeni mbaya wala nzuri kwa yenyewe, kuna jeni mahali fulani, wakati fulani, na imekaa na jeni gani nyingine. Selimundu ni herufi moja. Kwenye maelekezo ya kutengeneza protini ya damu, mahali pa sita, palipotakiwa kusomeka GAG pamesomeka GTG. Herufi moja tu katika bilioni tatu. Mtoto akiipata kutoka kwa baba na mama wote wawili, chembe nyekundu zinajikunja kama mundu, ndo maumivu unayoyajua wewe kuliko mimi. Akiipata kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida anaishi na afya yake. Na huyu wa kati ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali.

Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba waliobeba hii jeni walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Ramani ya jeni ikafanana na ramani ya mbu. Akachapisha ushahidi wake 1954. Yani kwa maelfu ya miaka, mahali penye malaria, mtoto mwenye nakala moja alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua kuliko hata yule asiye nayo kabisa. Ndo maana haikuondoka. Haikubaki kwa sababu watu wenu ni dhaifu, ilibaki kwa sababu iliwaokoa watu. Wewe na baba yake kila mmoja ana nakala moja, na kuna uwezekano mkubwa kwamba ndo iliyomvusha bibi au babu fulani utotoni, bila hiyo msingekuwepo. Deni lake limemwangukia mtoto wako, na hilo sio haki, ila sio kosa lake wala lenu. Na matibabu tunampa kwa sababu sisi ni watu, hatuongozwi na uteuzi wa asili kuamua nani tumpende.

Mama_Shujaa

Nimelia mwalimu. Nitamsomea akirudi, ana miaka 11 anaelewa. Hiyo ya kuokoa babu sijawahi kuisikia.

Nyota_ya_Asubuhi

Mama tuko pamoja, mpe salamu shujaa wetu.

Niongeze upande wa pili, kwamba jamii ikikosa tofauti ndo hatari inaanza. Duma wanafanana mno kwa vinasaba, mababu zao walipungua sana zamani wakazaliana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1985 watafiti walieleza jinsi walivyopandikiza vipande vya ngozi kati ya duma wasio ndugu kabisa, na miili haikuvikataa, kama vile ni ngozi ya pacha. Na kule Oregon, Marekani, kirusi kimoja cha paka kiliingia kwenye hifadhi ya duma mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakafa zaidi ya nusu. Ugonjwa ukimpata mmoja umeshajua njia ya kwa wote. Chekecheke likija halafu punje zote ni saizi moja, ama zinapita zote au zinabaki zote.

Mdadisi_Usiku

Wakuu sina cha kuwalipa. Jana tumekaa na mdogo wangu mpaka usiku sana. Nimemwambia sahau nilichokufundisha, tukaanza upya kwa zile tyubu 20, tukaenda mahameli, tembo, tukaishia kwa shujaa wa Mama_Shujaa. Ile sentensi ya kitabuni ameikata JI na ILI kwa kalamu nyekundu, ameniomba na ruhusa kwanza maana kitabu ni changu.

Swali lake la mwisho (ameapa ni la mwisho): na sisi binadamu tunanakili kwa makosa? Yeye mwenyewe ana makosa mapya mangapi ambayo mama na baba hawana?

Darubini

Mwambie ni kama 60 hadi 70, kila mtu anazaliwa nayo. Mengi sana hayafanyi lolote. Mengi yanatoka kwa baba, kwa sababu seli zinazotengeneza mbegu za kiume zinaendelea kugawanyika maisha yote na kila kugawanyika ni kunakili upya. Kwa hiyo baba akiwa na umri mkubwa mtoto anapata mengi zaidi, ni moja hadi mawili kwa kila mwaka wa umri wa baba.

Mdadisi_Usiku

Baba alikuwa na miaka 24 nilipozaliwa mimi, na 41 alipozaliwa yeye. Amepiga hesabu palepale pembeni ya daftari: miaka 17, kwa hiyo anaweza kuwa na tofauti mpya kati ya 17 na 34 kunizidi mimi. Ameizungushia duara, sasa hivi anamwonesha baba sebuleni.